Neno Ambalo Mama Mkwe Alikataa Kulibeba

Mara ya kwanza nilipokutana na baba mkwe wangu, nilimkimbiza. Sikukusudia. Nilikuwa muuguzi mgeni Kyela, mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na mwalimu wa hapa, na nilitaka sana kuonekana mke mwenye adabu. Nikamwona mzee njiani kando ya shamba lake la kakao, nikamwendea mkono nimeunyoosha. "Shikamoo baba." Mzee akageuka, akaniona, akaingia kakao. Nikadhani hakusikia, nikamfuata. Akaongeza mwendo. Mtu mzima na gambuti zake anapenya kwenye kakao kama anayefukuzwa na nyuki, na mimi nyuma yake napaza sauti, shikamoo, shikamoo.

Mama mkwe ndiye aliyeniita nirudi. Alinikalisha jikoni, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akanifundisha. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hampi mkono, hali naye, jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mke anapisha, anajifunika kitenge, anageukia migomba mpaka mzee apite. Si chuki, alisema, ni heshima. Nyumba nyingi siku hizi wameiacha mila hiyo, lakini katika ua ule wa Ndandalo ilikuwa hai, na mzee alikuwa ameishi nayo tangu mama yake mwenyewe alipokuwa akijificha.

Nilikasirika, sifichi. Mimi niliyekuwa nikiogesha wazee wa watu na kuwachoma sindano za makalio, nijifiche nyuma ya mgomba kwa sababu ya mzee wangu mwenyewe? Mume wangu alisema nitazoea. Nikazoea. Na kitu nilichozoea polepole kuliko vyote ni namna ya kuzungumza naye, maana watu hawawezi kuishi ua mmoja bila kuambizana jambo.

Jiko la mama mkwe lina kuta za mianzi. Mimi hukaa ndani, mzee huketi nje nyuma ya ukuta kwenye kigoda chake, na mama mkwe hukaa mlangoni, katikati yetu. Mzee husema, mwambie mvua inakuja, aanue kakao. Ukuta wenyewe hauzuii hata pumzi za kuku, nimeshasikia. Lakini siinuki. Nasubiri mama mkwe anigeukie aniambie, anasema mvua inakuja, uanue kakao. Hapo ndipo nakimbilia mikeka. Nami nikijibu, mzee hutulia kama kiziwi mpaka mama afikishe. Neno ambalo halijabebwa, halijasemwa. Ndiyo kanuni, na kwa miaka kadhaa niliiona kanuni ya kupoteza muda.

Aliyenifundisha mengine yote ya Kyela ni mdogo wa mwisho wa mume wangu. Alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye tope bila kuanguka, kumtambua mbasa aliyevuliwa leo na kumkataa wa jana, na kuitikia salamu za Kinyakyusa bila kuumauma maneno. Nikikosea alinicheka yeye, lakini hakukubali nichekwe na mwingine. Tukienda Lyulilo, kando ya ziwa, siku ya soko, alinibebea chungu kichwani kutoka kwenye mtumbwi hadi barabarani, mwanaume mzima, na watu wakimtania alisema shemeji yake ni mtu wa pwani, shingo yake ni ya mapambo. Nilimpenda kijana yule. Nilikuwa nimempoteza kaka yangu kabla ya kuja huku, na bila kumwambia mtu nilimweka yeye mahali pale.

Kisha akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Akakaa miaka mitatu.

Alirudi mchana mmoja wakati wa mavuno ya mpunga, na begi dogo na sweta la mikono mirefu. Sweta, Kyela, katika joto lile. Mama mkwe aliona amekonda tu, akakimbilia kumenya ndizi. Mimi niliona makamasi, miayo isiyokwisha, vipele vya baridi shingoni, na jinsi alivyokuwa akijikunja akidhani hatumtazami. Sikuhitaji kipimo. Ile ilikuwa arosto, maumivu ya mtu aliyekosa unga wa kulevya, na mimi nilikuwa nimeshaiona kwenye kitanda cha kaka yangu.

Kaka alikamatwa mara mbili akarudi kila mara akiwa mbaya zaidi ya alivyokwenda. Mara ya tatu tulirudishiwa maiti. Alitapika na kuharisha mahabusu mpaka maji yakamwisha mwilini, na aliyekuwa zamu alidhani anajifanya. Simlaani mtu yule. Hakuna aliyemfundisha kwamba kulikuwa na ugonjwa mbele yake. Lakini mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na drip moja ya maji naijua kazi yake, na hilo haliniachi.

Kwa hiyo niliogopa, na woga ukanifanya mjinga. Nilinyamaza majuma kadhaa nikidhani nitamtibu kimyakimya. Nilimletea vidonge vya kutuliza tumbo, nikamwambia mama ni malaria. Naye akawa anapotea kwenda mpakani na kurudi ametulia, mpole, macho madogo. Kisha gunia la kakao kavu likatoweka. Ikafuata redio ya mzee. Mwisho chungu cha maji cha mama mkwe, kile tulichonunua Lyulilo, kikaonekana kwa mama ntilie wa barabarani. Mama mkwe alikwenda, akakitazama, akarudi bila kukidai. Alisema kimefanana tu.

Mzee hakudanganyika. Jumamosi kabla ya chakula cha mchana alikuja akaketi nyuma ya ukuta, akatoa neno lake: mwambie Jumatatu nampeleka kituoni, kwa polisi. Shemeji alikuwa amelala chini ya upenu wa nyumba kubwa, amejifunika blanketi juani, hatua chache tu kutoka pale. Mume wangu alikuwa Mbeya kwenye usimamizi wa mitihani. Nilikuwa peke yangu na ukuta wa mianzi.

Nikamwomba mama anibebee haya: kwamba huyu ni mgonjwa. Kwamba Mbeya kuna kliniki inayotoa dawa inaitwa methadone, mgonjwa anakwenda kila siku ya Mungu, anakunywa mbele ya muuguzi, maumivu yanatulia, haibi tena kwa sababu mwili hauombi tena, na taratibu anarudi kuwa mtu wa kazi. Mama alibeba yote, kwa Kinyakyusa, bila haraka.

Mzee alijibu kwamba sasa ameelewa, ulevi unatibiwa kwa ulevi mwingine, ila huu mpishi wake ni serikali. Akasema yeye ana presha na vidonge ananunua, na mwizi wa kakao apewe dawa bure. Hakuwa peke yake kusema hivyo. Juma lile lile msibani, kwenye kuosha vyombo, nilikuwa nimesikia akina mama wakibishana jambo hilohilo, mmoja akisema mateja wafungwe wote, mwingine akimwuliza kama gereza limewahi kumtoa mtu homa. Mimi muuguzi nilisugua sufuria na kunyamaza. Nilijionea aibu.

Nikamwambia mama aseme pia kwamba dawa hiyo si ya wiki mbili. Huenda ikawa miaka. Mama alinitazama kuniuliza kama kweli nataka hilo libebwe, maana lilikuwa linaniharibia kesi. Nikasema libebe. Sikutaka mzee aje aone nimemuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe," mzee alisema.

Ndipo nikamweleza habari ya kaka yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema katika nyumba ile. Hata mume wangu nilimwambia tu kwamba kaka aliugua. Mama mkwe aliibeba vipande vipande. Kila nilipotua, naye alitua, na mahali pa maiti alisema "Kyala" kwa sauti ya chini, akimtaja Mungu wa kwao, kisha akaendelea. Nyuma ya ukuta kigoda hakikulia. Na hapo nilianza kuielewa ile kanuni niliyoidharau. Maneno yale, kama ningemrushia mzee usoni, yangekuwa mawe. Yakipita mdomoni mwa mama yalifika yakiwa msiba.

Mzee alitoa kile kilichokuwa kikimsumbua hasa. Zamani alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtoto wa mjane, jirani wa ng'ambo ya mto, alikamatwa na misokoto ya bangi, na mzee ndiye aliyemshika mkono akampeleka mwenyewe. Mjane alimlilia. Mzee akamwambia sheria haina mtoto wala ndugu.

"Mwambie," alisema, "wa mwenzangu nilimpeleka. Leo wangu nimfiche hospitali? Nitapita njia gani?"

Mama alibeba. Kusema kweli, mpaka leo nikisikia watu wakijadili sheria za dawa za kulevya redioni, nasubiri mmoja aulize swali la mzee yule, na hawaulizi. Tukisema leo kwamba ni ugonjwa, tunawaambia nini waliokwisha kupelekwa?

Ningekaa nalo kimya ningekuwa na busara. Lakini nina hasira za karibu, wote nyumbani wanajua.

"Mwulize baba," nikasema, "kosa likifanywa mara mbili ndiyo linakuwa haki?"

Mama mkwe alinitazama jicho ambalo lingeivisha maharage. Lakini alilibeba, zima, bila kulipunguza.

Kigoda kilianguka. Mzee alikuwa amesimama, nikaona kivuli chake kimekatwakatwa na mianzi. "Mwambie huyo si mwanangu. Kuanzia leo sina mtoto wa namna hiyo."

Chini ya upenu, blanketi lilitikisika mara moja, likatulia. Mama mkwe hakugeuka upande wangu. Alichukua mwiko, akakoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

"Mwambie," mzee akarudia.

"Hilo silibebi."

Sikuwahi kumsikia akimkatalia. Nadhani hata mzee hakuwahi. Mama aliendelea kukoroga, akasema bila kupandisha sauti kwamba amebeba maneno ya mumewe tangu mimi nilipoingia katika ua ule, na kabla yangu alibeba kwa wake wa watoto wengine, mazito na mepesi, na hakuwahi kuchagua. Lakini mtoto yule alimbeba tumboni. Hawezi kumbeba tumboni na kumtupa kwa mdomo.

"Ukitaka lifike," alimwambia, "libebe mwenyewe."

Na mzee hakuweza. Kuniambia mimi moja kwa moja ilikuwa mwiko. Mtoto mwenyewe alikuwa pale, hatua kumi, angeweza kumwendea akamwambia masikioni. Hakumwendea. Alisimama, kivuli chake kikiwa juu ya mapaja yangu, kisha kikaondoka. Sote tulisikia alichosema, na aliyelala juani alisikia kuliko sote. Lakini hakikubebwa. Mama mkwe alipakua ndizi, akampelekea mwanawe sahani kana kwamba siku ilikuwa ya kawaida.

Jumapili mzee hakwenda kanisani, jambo lililowatisha watu kuliko kama angeugua. Alikata mkungu wa ndizi, akautwika begani, akavuka mto kwenda kwa mjane. Alichoambiwa huko alimwambia mama mkwe, na mama akanisimulia siku nyingi baadaye tukiwa tunapepeta mchele. Mjane alipokea mkungu, akamkaribisha akae. Akamwambia kijana wake alirudi kutoka kifungoni lakini hajarudi. Anafunga mlango hata mchana, na mkono wa polisi au wa mchungaji kwake ni mmoja, anaikimbia yote. Mzee aliomba msamaha. Mjane hakusema amesamehe. Alisema, "Mtoto akikunyea mkononi, huukati mkono. Wa kwangu uliukata wewe. Wa kwako usiukate."

Mimi nilikuwa sijui lolote kati ya hayo Jumatatu asubuhi, mzee alipotoka amevaa koti la kanisani na kumwamuru mwanawe atangulie. Mama mkwe aliniambia niwafuate kwa mbali. Goti lake lilikuwa limevimba, hakuweza kwenda. Aliniwekea ndizi za kuchoma kwenye mfuko, na akanipa kitenge kipya cha kujifunika.

Tukaenda hivyo mpaka mjini Kyela: shemeji mbele akijikunja na kusimama, mzee nyuma yake, na mimi nyuma kabisa nimejitanda hadi puani. Pale barabara inapogawanyika, mkono mmoja unakwenda kituoni na mwingine unakwenda stendi. Mzee alisimama. Akatoa leso, akafuta shingo. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akigeukia kituoni nitavunja mila yote, nitamshika koti, nitapiga magoti barabarani mbele ya bodaboda. Niliiweka miguu tayari.

Akageukia stendi. Nililia njia nzima mpaka Tukuyu, na kitenge kilinisaidia.

Mshauri wa kliniki pale Mbeya alikuwa dada mwembamba, mpole, mtu wa kanda ya Ziwa Victoria kwa lafudhi. Alimpima shemeji, akazungumza naye faragha, kisha akasema sasa waingie ndugu. Mimi nikaingia. Mzee akabaki nje. Dada akatoka kumwita, akarudi peke yake, amechanganyikiwa. Alisema mzee amegoma kuingia, na je, ni kwamba hamtaki mgonjwa? Nikamweleza kwamba asiyeweza kukaa naye chumba kimoja ni mimi. Ikabidi nimweleze mila yote, kuanzia siku ya kakao. Alitazama dirisha. Mzee alikuwa amekwenda kusimama pale nje, ametupa mgongo, koti lake limeziba nusu ya mwanga.

Sitadanganya kwamba kliniki ile ilifanya muujiza. Ni miaka miwili sasa. Shemeji anaishi kwa mama yake mdogo hukohuko Mbeya ili awe karibu na dawa, anasukuma toroli sokoni, na ameteleza mara mbili, mara ya pili vibaya. Kila mara alirudi kwenye kidirisha cha dawa na kunywa kikombe chake, na hakuna aliyemfunga kwa kuteleza. Naambiwa wapo wanaobisha bado kwamba fedha za dawa hiyo zingejenga darasa. Huenda. Mimi namjua anayeamka alfajiri kwenda kunywa.

Siku ile, dada alifungua fomu. Aliuliza nani atamsimamia mgonjwa, wa kupigiwa simu asipofika, wa kuja akihitajika. Akauliza pia ni nani kwake. Nilishika kalamu. Mimi niliweza kujiandika, lakini nilijua kwamba jina langu lingekuwa la mgeni, na kijana yule alikuwa akilisubiri jina lingine tangu Jumamosi.

Mama mkwe hakuwepo. Kulikuwa na mimi, kulikuwa na mgongo wa mzee, na katikati yetu, kwenye kiti, mtu mmoja tu wa kubeba.

"Shemeji," nikasema, "muulize baba tuandike nani."

Aliinua kichwa. Alikuwa anatetemeka, jasho na baridi pamoja. Alisema kuelekea dirishani, kwa sauti ndogo, kwamba shemeji anauliza waandike nani.

Mzee hakugeuka. "Mwambie aandike mimi. Aandike wewe ni mwanangu."

Nilisikia. Dada alisikia, akanionyesha mstari kwenye fomu, nikamgusa mkono asubiri. Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama mikono yake. Mle ndani hakuna aliyemsaidia, na mimi nilimwomba Mungu nisimsaidie, maana mdomo wangu ulikuwa ukiwasha.

"Anasema," alianza, akakwama. Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Baba anasema mimi ni mwanawe."

Nikaanza kuandika. Mzee akakohoa huko nje. Masikio yake ni mazima kabisa, anasikia mdondoko wa tunda la kakao akiwa kitandani.

"Mwambie sijasikia," alisema. "Arudie."